Mwongozo Kamili: Kuchagua Ampu ya Tyubu kwa Sauti ya Roki ya Miaka ya 60 na 70 Ukiwa Nairobi

Wapiga gitaa wanaoniandikia kuhusu ampu huwa na lalamiko moja. Wamejinyima, wamenunua ampu kubwa ya tyubu (kikuza sauti cha gitaa kinachotumia tyubu za kioo badala ya transista) yenye jina linaloheshimika, wameifikisha nyumbani Umoja au South B, na sauti inayotoka ni nyembamba na kavu. Wanaongeza pedali, wanabadilisha nyuzi, wengine wanafikia hatua ya kuuza gitaa. Ampu yenyewe ni nzima. Ni ya wati 50, na inapigwa nobu ya sauti ikiwa kwenye 1 kwa sababu jirani yuko nyuma ya ukuta.

Mkwaruzo wa roki ya zamani, ile sauti nene inayopasuka kidogo ukipiga nyuzi kwa nguvu, hutokea pale tyubu kubwa za nyuma, transfoma na spika zinapofanya kazi karibu na kikomo chao. Ampu isiyofikishwa hapo haiwezi kuitoa, hata iwe ya bei gani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye chumba chako, halafu wati, halafu tyubu na spika. Jina lililoandikwa mbele ya ampu linakuja mwisho.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Gitaa lako mwenyewe na kebo yako. Usijaribu ampu kwa gitaa la duka.
- Simu yenye programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Si sahihi kama kipimo cha kitaalamu, lakini inatosha kulinganisha.
- Tochi ndogo na penseli ya mbao.
- Nyimbo mbili au tatu unazozijua kwa moyo, zenye sauti unayoitafuta.
- Maltimita (kifaa cha kupima umeme), na mtu anayejua kuitumia, kama unanunua ampu iliyotumika.
- Bajeti iliyogawanywa. Usimalize pesa zote kwenye ampu. Tenga za tyubu za akiba, za kifaa cha kukinga stima, na za transfoma ya kushusha volti kama ampu imetoka Marekani au Japani.

## Hatua ya 1: Pima mahali utakapopigia

Simama chumbani kwako saa unayopiga gitaa kwa kawaida. Cheza muziki kwenye redio kwa sauti ya juu kabisa ambayo jirani hajawahi kuilalamikia, kaa mita moja kutoka kwenye spika, soma desibeli kwenye simu. Andika namba hiyo. Ndiyo dari yako.

Sasa linganisha na hili. Spika ya gitaa ya inchi 12 kama Celestion G12M Greenback hutoa takriban desibeli 98 kwa wati 1, ukipima kwa umbali wa mita moja. Wati moja tu. Ukiipa wati 10 inafika 108. Anayeishi kwenye bedsita ataona mara moja kwamba hata ampu ya wati 5 ikifunguliwa yote itasikika ghorofa tatu juu na tatu chini. Kenya ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na viwango vya usiku kwenye makazi ni vikali kuliko vya mchana. Kabla hujafika huko, caretaker atakuwa ameshabisha hodi.

Umefaulu ukiwa na: namba moja ya desibeli na jibu la ukweli kuhusu mahali utakapopigia kwa muda mwingi. Mahali unapoota kupigia siku moja hapahesabiki hapa.

## Hatua ya 2: Chagua wati

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hudhani wati 100 ni kelele mara mbili ya wati 50. Sivyo. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaisikia kwa shida. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Maana yake ampu ya wati 50 inasikika kama maradufu ya ile ya wati 5, basi.

Kwa Nairobi ninashauri hivi:

Fleti au ploti yenye kuta za kushirikiana. Tafuta ampu yenye swichi ya kupunguza nguvu. Marshall Origin 20 inashuka kutoka wati 20 hadi 3 na hadi 0.5. Orange Rocker 15 inashuka kutoka 15 hadi 7, 1 na 0.5. Kumbuka hata nusu wati si mnong'ono. Kama unapiga usiku pekee, panga pia kununua atenyueta, kifaa kinachokaa kati ya ampu na spika na kugeuza sehemu kubwa ya nguvu kuwa joto.

Nyumba yenye kiwanja chake, kama zile za Kitengela, Rongai au Ruiru: wati 5 hadi 15.

Mazoezi na mpiga ngoma wa kweli, kanisani, au baa ndogo: wati 15 hadi 30. Ngoma hazina nobu ya kupunguza, kwa hiyo wati 5 zitamezwa.

Jukwaa kubwa la nje: wati 20 hadi 50, na maikrofoni mbele ya spika. Fundi wa sauti atakushukuru. Ampu ya wati 100 jukwaani humlazimu kukuondoa kabisa kwenye spika kuu za ukumbi, na watu walio pembeni hawakusikii.

Kwa mtu anayepiga nyumbani na kwenda mazoezini Jumamosi, wati 15 hadi 20 zenye swichi ya kupunguza ndilo chaguo langu bila kusita.

## Hatua ya 3: Amua ni roki ya nani

"Roki ya zamani" si sauti moja. Chukua zile nyimbo zako, uzisikilize kwa hedifoni, uiweke kila moja kwenye mojawapo ya makundi haya.

EL34. Tyubu kubwa ya Marshall nyingi. Sauti ina kifua, sehemu ya kati imejaa, na kodi (nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja) za nguvu zinasimama imara. Ukimsikiliza Angus Young wa AC/DC au Slash, uko hapa. Angalia Marshall Origin au DSL20.

EL84. Tyubu ndogo ya Vox AC15 na AC30. Inang'aa juu, na ikisukumwa inakwaruza mapema na kwa utamu. Brian May wa Queen alijenga sauti yake juu ya AC30, akiwa na kifaa cha kuongeza sauti za juu mbele yake. Tahadhari ya uzito: AC30 ya spika mbili inazidi kilo 30. Kama unakaa ghorofa ya nne bila lifti, AC15 itakupa karibu yote unayotaka.

6V6 na 6L6. Upande wa Fender. 6L6 hukaa safi muda mrefu. 6V6 hulegea mapema. Sauti chafu na nzito ya Neil Young inatoka kwenye Fender Deluxe ndogo ya mwaka 1959, modeli iliyotengenezewa 6V6, ikifunguliwa karibu yote. Tahadhari: Blues Junior ni Fender lakini ina EL84, kwa hiyo usinunue kwa jina tu.

Ampu safi yenye nguvu, pamoja na pedali. David Gilmour wa Pink Floyd alitumia Hiwatt zilizobaki safi, na mkwaruzo ukatoka kwenye pedali. Anayetafuta sauti yake kwa kununua ampu yenye geini nyingi (ukuzaji wa mwanzo unaoleta mkwaruzo) amepotea njia kabisa.

Rudia kusikiliza mara ya pili ukitilia maanani kiasi cha mkwaruzo. Utagundua ni kidogo kuliko ulivyokumbuka. Kwenye rekodi nyingi za miaka ya 70 unaweza kusikia kila uzi ndani ya kodi.

Umefaulu ukiweza kusema: "Nataka EL84, wati 15," au sentensi fupi kama hiyo.

## Hatua ya 4: Hakikisha ni ya tyubu kweli

Matangazo ya vitu vilivyotumika huandika "tube amp" kwa chochote chenye tyubu hata moja. Marshall Valvestate na Vox Valvetronix nyingi zina tyubu moja ndogo tu, lakini nguvu inayosukuma spika inatoka kwenye transista. Ni ampu zenye matumizi yake, ila si unachotafuta, na hazistahili bei ya tyubu.

Mulika nyuma kwa tochi. Ampu kamili ya tyubu ina tyubu ndogo za priampu (sehemu ya kwanza inayokuza sauti ya gitaa), mara nyingi zimeandikwa 12AX7 au ECC83 (ni kitu kimoja), na pembeni yake tyubu za nguvu: moja kwenye ampu nyingi za wati 5, mbili au nne kwenye kubwa zaidi. Utaona pia transfoma mbili za chuma, moja ya stima na nyingine ya spika. Ampu za wati 1 zinaweza kutumia tyubu ndogo pekee, hizo usizitilie shaka kwa sababu hiyo.

Kisha angalia paneli ya mbele. Nobu ya geini na nobu ya masta (ya sauti ya mwisho) zikiwa mbili tofauti, unaweza kupata mkwaruzo wa priampu kwa sauti ya chini. Mkwaruzo huo ni mwembamba na una mchanga zaidi kuliko ule wa tyubu za nguvu, lakini kwenye fleti utauhitaji. Ampu yenye nobu moja tu ya sauti itakupa roki pale itakapopiga kelele, na si kabla ya hapo.

## Hatua ya 5: Spika na omu

Wengi hawaigusi hatua hii, na mimi naamini spika inabadilisha sauti kuliko kubadilisha aina ya tyubu. Kwa roki ya Kiingereza, Greenback ya wati 25 ndiyo ya kuanza nayo: sehemu ya kati ina manyoya kidogo na sauti za juu hazichomi sikio. Celestion Vintage 30 ina desibeli 100 kwa wati 1, inapiga kwa ukali zaidi, na kwenye chumba kidogo inaweza kuchosha. Inchi 12 ina besi kuliko inchi 10. Origin 20 ya kombo (ampu na spika kwenye boksi moja) ina inchi 10, kwa hiyo isikilize kwanza kabla ya kulipa.

Ukinunua hedi (ampu isiyo na spika) na kabati (boksi la spika) tofauti, shika mambo matatu:

1. Omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za ampu na za spika zilingane. Kabati la omu 16 liingie tundu la omu 16, la 8 kwenye 8.
2. Wati za spika zizidi za ampu. Greenback moja ya wati 25 chini ya hedi ya wati 50 inaweza kuungua.
3. Waya kati ya hedi na kabati uwe waya wa spika. Kebo ya gitaa inafanana nao kwa nje lakini ni nyembamba ndani, na itapata moto.

Onyo: usiwashe kamwe ampu ya tyubu bila spika kuunganishwa. Nguvu ikikosa pa kwenda, volti zinaruka ndani ya transfoma ya spika na kuiua. Hilo ni kati ya matengenezo ya gharama kubwa zaidi kwenye ampu.

## Hatua ya 6: Stima

Soma hatua hii mara mbili kabla ya kuagiza chochote kutoka nje.

Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50, na plagi ya miguu mitatu bapa. Ampu ya Marekani imetengenezewa volti 120 na hezi 60. Ya Japani ni volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwa adapta ya plagi, fyuzi itakatika ukiwa na bahati. Ukikosa bahati, transfoma itatoa moshi. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haigusi volti.

Geuza ampu usome kibandiko cha nyuma. Unatafuta "230V" au "240V", na "50Hz" au "50/60Hz". Ampu nyingine zina swichi ya volti, na nyingine zina transfoma ambayo fundi anaweza kuunganisha upya ndani. Muulize muuzaji akutumie picha ya kibandiko. Asipotuma, usitume pesa.

Ikiwa ni ya volti 120 pekee, utahitaji transfoma ya kushusha volti. Usihesabu kwa wati za sauti. Ampu ya wati 40 inaweza kuvuta wati 150 au zaidi kutoka ukutani. Chukua namba ya kibandiko uizidishe kwa mbili: ampu inayovuta wati 180 ipewe transfoma ya wati 360 hadi 500. Hakikisha transfoma ina waya wa ardhi unaopita hadi kwenye tundu la kutokea. Nyingi za bei rahisi hazina, na bila ardhi mwili wako na nyuzi za gitaa mnakuwa njia ya stima. Fundi apime kwa maltimita kutoka mguu wa ardhi wa plagi hadi chuma cha ampu. Sauti ya mlio au omu karibu na sifuri ndiyo jibu sahihi.

Jambo lingine: transfoma ya kushusha haibadilishi hezi. Ampu iliyotengenezewa hezi 60 pekee itapata joto zaidi kwenye hezi 50. Kwa maoni yangu hiyo peke yake ni sababu ya kutafuta toleo la Ulaya au Uingereza, hata kama bei ya Marekani inavutia. Ongeza nauli ya mzigo, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza bidhaa, na ule urahisi wa mwanzo huyeyuka.

Kwa ampu yoyote, nunua kinga ya volti yenye kuchelewesha, ile inayokata stima ikipanda au kushuka sana na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Stima ikipotea ukiwa unapiga, zima swichi ya ampu mara moja. Madhara huja wakati wa kurudi.

Umefaulu ukiona: volti na hezi zinazolingana na Kenya kwenye kibandiko, au mpango kamili wa transfoma yenye ardhi.

## Hatua ya 7: Jaribio la dukani

Ipe ampu dakika kumi za kupata joto. Weka besi, kati na juu zote katikati, zima riva (mwangwi), usiunganishe pedali yoyote.

Piga kodi ya A wazi, polepole, uzi mmoja mmoja. Ongeza sauti taratibu. Kuna mahali ambapo kodi inaanza kunenepa na kukwaruza kwenye kingo. Pima desibeli hapo hapo kwa simu, ukiwa mita moja. Kama namba hiyo inazidi sana ile uliyoandika katika Hatua ya 1, hii si ampu yako, au utahitaji atenyueta.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Acha ampu ilivyo, ikiwa na mkwaruzo. Punguza nobu ya sauti ya gitaa kutoka 10 hadi 4 na upige kwa vidole laini. Ampu nzuri itasafika: mkwaruzo utapungua na nyuzi zitang'aa. Rudisha 10, piga kwa nguvu, na itanguruma tena. Wapigaji wa enzi hizo walibadilisha sauti kwa mkono wa kulia na nobu ya gitaa katikati ya wimbo. Ampu inayobaki chafu vile vile kwa kila pigo haitakufikisha huko.

Malizia kwa kuangalia mngurumo wakati hujapiga. Kelele kidogo ni kawaida, hasa kwa pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi za gitaa) za koili moja chini ya taa za dukani. Mlio wa juu unaokua wenyewe si kawaida.

## Hatua ya 8: Ukinunua iliyotumika

Ampu nzuri mara nyingi zinatoka kwa bendi zilizovunjika na wageni wanaorudi kwao. Kagua hivi, ikiwa imewaka angalau nusu saa:

- Gonga kila tyubu ndogo kwa penseli, taratibu. Ikilia kengele kali kwenye spika, inahitaji kubadilishwa. Ni kasoro ya bei nafuu, itumie kupunguza bei.
- Zima taa za chumba, tazama tyubu kubwa. Rangi ya chungwa katikati ni sawa. Bamba la chuma la kijivu ndani likianza kuwa jekundu, zima ampu hapo hapo.
- Nusa nyuma. Harufu ya vanishi iliyoungua karibu na transfoma ni sababu ya kuondoka.
- Zungusha nobu zote. Mikwaruzo ya nobu husafishwa kwa dawa ya kupuliza, isikutishe.
- Ikishazimwa na kuchomolewa, angalia fyuzi. Ikiwa imefungwa karatasi ya foili au ni ya ampea kubwa kuliko ilivyoandikwa, kuna tatizo lililofichwa.

Onyo la maisha: usiifungue ampu mwenyewe. Ndani kuna volti 300 hadi 500, na kapasita hubaki na moto huo hata baada ya kuchomoa plagi. Mafundi wengi wa redio na televisheni ni hodari, lakini kabla ya kumpa kazi muulize kama anajua kutoa moto kwenye kapasita na kuweka bayasi (kurekebisha kiasi cha stima kinachopita kwenye tyubu za nguvu). Asiyejua bayasi ni nini asiiguse ampu yako.

## Hatua ya 9: Kuifikisha nyumbani na kuanza

Iache ipoe kabla ya kuisafirisha. Tyubu ya moto huvunjika nyuzi zake za ndani kwa mitikisiko. Boda boda haifai. Ikibidi kupanda matatu, ikae sakafuni katikati ya miguu yako. Ukifika, tumia tochi kuona kama tyubu zote bado zimekaa wima kwenye soketi zake.

Iweke sentimita 15 kutoka ukutani ili joto litoke. Unganisha spika kwanza, halafu stima. Kama ina swichi ya stendbai, washa stima, subiri dakika moja, kisha fungua stendbai.

Agiza tyubu za nguvu za akiba mapema, kwa sababu hazipatikani kila duka. Chukua jozi iliyolinganishwa kiwandani. EL84 kwenye Vox AC15 unaweza kubadilisha bila kuweka bayasi, maana inajirekebisha yenyewe. EL34 kwenye Marshall nyingi zinahitaji fundi. Usichomeke EL34 kwenye ampu ya 6L6 eti kwa sababu soketi zinaingiana: EL34 huvuta ampea 1.5 za kupasha joto, 6L6 huvuta 0.9, na transfoma ya stima inaweza kushindwa na tofauti hiyo. Tyubu ndogo za priampu hudumu miaka, kwa hiyo moja ya akiba inatosha. Iandikie tarehe kwenye boksi lake siku utakapoitumia.